Jenereta yadondosha oili tangu tufunge sola

SWALI: Kikundi cha kijiji chetu, Marsabit, kina jenereta ya dizeli ya kVA 20. Baadaye tulifunga sola na betri za risasi na asidi, volti 48, Ah 600. Mchana sola inatosha. Usiku, saa 12 hadi saa 6, tunazima inveta na jenereta inabeba taa na friji, kama kW 3. Sasa inatoa moshi mweusi, eksozi inadondosha oili, na dizeli inaisha vilevile. Fundi anataka kufungua injini. Tukubali?
Katibu wa kikundi, Kasarani, Nairobi

JIBU: Msimruhusu bado, Katibu. kVA 20 ni kama kW 16, nanyi mnaitwisha kW 3 tu. Mzigo ukiwa chini ya asilimia 30, silinda haipati joto la kutosha. Dizeli isiyoungua huchanganyika na oili na masizi, ikatokea kwenye eksozi. Kwa mzigo huo injini hunywa karibu lita 2 kwa saa, yaani theluthi mbili za lita kwa yuniti. Ikibeba kW 12 hunywa kama lita 4, theluthi moja tu kwa yuniti.

Kwanza itwisheni kW 11 hadi 12 kwa saa tatu mfululizo, moshi usafike. Kisha badilisheni oili na filta yake siku hiyohiyo, maana oili ya sasa imeingiwa na dizeli. Moshi wa buluu ukibaki, hapo ndipo fundi afungue: huenda kuta za silinda zimelainika na ringi hazishiki.

Lakini ugonjwa utarudi msipobadilisha kazi ya jenereta. Usiku taa na friji zibebwe na betri kupitia inveta. Betri zikishuka hadi asilimia 50, jenereta iwake na kuzichaji kwa ampea 90, kama kW 5. Pampu ya kisima ya kW 3 ifanye kazi saa hizohizo. Pamoja na taa na friji, kW 3, mmefika kW 11. Baada ya saa mbili betri ziko asilimia 80. Zimeni hapo! Kutoka 80 kwenda juu betri za aina hii hupokea umeme kidogo kidogo, na jenereta hurudi kwenye mzigo ule mwepesi unaoiua. Kujaza kilichobaki ni kazi ya jua la asubuhi.

Pimeni chaji kwa mita yenye shanti, yaani kipande kinachopima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Volti za betri inayotumika hudanganya. Waya zibadilishwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya.