Kabla Hujamnyang'anya Rekoda

Juzi mama mmoja aliniandikia: "Dada, kijana wangu yuko gredi ya nne. Somo la muziki linamliza. Rekoda yake, ile filimbi ya shuleni, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nimwombe mwalimu amwache tu?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la sita, na kuimba kulikuwa ugonjwa wangu. Naosha vyombo naimba, nachota maji naimba, hadi nyanya ananituma dukani apate kupumua. Kwaya ya shule ilipojiandaa kwa tamasha la muziki, nilisimama safu ya mbele. Wiki tatu za mazoezi! Siku moja kabla ya mashindano mwalimu akakatiza wimbo, akapita akitega sikio mdomo kwa mdomo. Akafika kwangu. "Wewe utafungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Wenzangu waliangua kicheko. Kesho yake nilivaa sketi iliyopigwa pasi, nikapanda jukwaani kufungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye beseni la sokoni. Tulishika nambari mbili. Kwenye picha ya cheti nimo, tena natabasamu. Hadi leo kanisani naimba chini kwa chini.

Na darasani je? Muziki ulikuwa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo tulikariri. Nilijua kwamba nyatiti, kinubi cha Waluo, ina nyuzi nane na kwamba chivoti, filimbi ya Pwani, hupulizwa kwa ubavu, yote kwa michoro ya ubaoni. Nyatiti yenyewe niliisikia nikiwa na miaka ishirini na sita, harusini Kisumu. (Alama nilipata nzuri, nisiwadanganye.)

Basi mwaka jana binti yangu akaja na rekoda. Jirani aligonga ukuta. Nilimketisha kitandani nikaangalia vidole: gumba la kushoto halikuziba tundu la nyuma, na alipuliza kama anayewasha jiko la makaa. Nikamwambia, puliza kama unapoza uji. Tukaanza na noti ya B, gumba na kidole kimoja. Ukiongeza cha pili ni A, cha tatu ni G. Siku tatu tulipiga noti hizo hizo tu. Jumamosi sauti ikatoka, nyororo kabisa, naye akanitazama kama aliyeshikwa akiiba sukari.

Wazazi wenzangu, tuvumilie kelele. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Usimcheke mtoto. Usimlinganishe na wa jirani. Na usimcheke, narudia. Nanyi walimu, mtoto anayetoka nje ya sauti mwimbieni noti moja airudie, tena na tena, kabla ya kumfunga mdomo mbele ya wenzake. Sisi tuliofungwa midomo tunawakumbuka kwa majina.

Mama uliyeniandikia, kwa mwalimu usiende kwanza. Leo akitoka shule, mwangalie gumba la kushoto.