Unga wa rangi tatu hauongezi kilomita

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga njiwa wa mashindano, mwaka huu nimeingiza 12, wote wa miaka miwili na mitatu. Kilomita 200 na 300 walirudi vizuri mno. Kilomita 500 saba walifika jioni ileile wakiwa hoi, wanne wakafika kesho yake, mmoja hajaonekana mpaka leo. Tangu msimu uanze nawapa unga wa rangi tatu niliopewa na mfugaji mwenye jina kubwa. Nauchanganya kwenye maji siku mbili kila wiki, kuwasafisha koo na damu. Zimebaki wiki tatu waende kilomita 700. Niongeze kipimo, au kuna dawa kali zaidi? Na siku za mwisho niwaongezee maharage wapate nguvu?

JIBU: Marahaba. Usiongeze kipimo. Mwaga maji yaliyomo bandani, osha vyombo, na huo unga usiuguse tena mpaka umalize kusoma hapa.

Kila msimu napata swali hili, kinachobadilika ni rangi ya unga tu. Watu huniuliza wampe njiwa nini. Ni nadra mtu kuniuliza njiwa wake anaumwa nini, na bila jibu la swali hilo dawa yoyote ni kurusha jiwe gizani.

Neno “kuwasafisha” linanikera, na nitakueleza kwa nini. Damu ya njiwa haina uchafu wa kusafishwa. Ama koo, njiwa wengi wanabeba vimelea vichache vya trikomonasi bila kuumwa, na kuishi navyo ndiko kunakoufundisha mwili kujilinda. Ukivifyeka kila wiki, unafuga njiwa asiyejua kupigana, kisha ukimpeleka mashindanoni unamfungia siku mbili kwenye tenga moja na njiwa wa mabanda mengine, wanakunywa bakuli moja. Akirudi mgonjwa unasema unga ulikuwa mdogo.

Najua utaniambia: mbona walifanya vizuri mwanzoni? Hapo ndipo wafugaji wanaponaswa. Mabanda mengi yana maradhi madogo ya njia ya hewa ambayo hayaonekani kwa macho. Njiwa anakula, anaruka, ila kifua hakijafunguka sawasawa. Ukimpa antibayotiki, bakteria wanapungua, pumzi inakaa sawa, na kwa wiki mbili tatu unaona njiwa mpya. Lakini ugonjwa haujaisha. Maradhi ya klamidia ya njiwa, kwa mfano, hutibiwa kwa doksisaiklini mfululizo kwa wiki kadhaa. Dozi ya siku mbili inaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, na kila wiki unawachuja upya.

Wakati huohuo dawa inaharibu bakteria wema wa utumbo, na fangasi wanapata mwanya kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni. Kinyesi kinalegea kidogo, hujali, kwa sababu njiwa bado anaruka. Kumbe chakula hakifyonzwi vizuri. Kilomita 200 au 300 ni kazi ya saa tatu mpaka tano, njiwa mwenye damu nzuri huzimaliza kwa kipaji chake. Kilomita 500 zinauliza ameweka akiba gani mwilini. Njiwa wako walijibu.

Na dawa ya kwenye maji haina kipimo. Siku ya joto njiwa mzima anakunywa mara mbili, anapata mara mbili. Mgonjwa anakunywa kidogo, anapata kidogo. Dawa za koo za jamii ya metronidazoli na ronidazoli zikizidi, njiwa huyumba na kupoteza mizani. Dawa ya minyoo ya fenbendazoli, ambayo mbuzi na ng’ombe wanaivumilia vizuri, kwa njiwa inaweza kuharibu manyoya yanayoota na hata uboho unaotengeneza damu. Je, rangi ipi kati ya zile tatu ndiyo ipi? Hujui, na aliyekupa huenda naye hajui.

Maharage sasa. Maharage na njegere ni protini. Zina kazi yake wakati wa kulea makinda na kubadili manyoya, na baada ya safari misuli inapojijenga upya. Mafuta ya safari ni mafuta hasa. Mwanzoni njiwa anatumia wanga aliouhifadhi, kisha kwa saa nyingi zinazofuata kidari kinaunguza mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na ikiunguzwa mwilini inaacha zaidi ya gramu moja ya maji, faida kubwa kwa ndege anayepepea saa kumi bila kutua. Ukimjaza protini siku za mwisho, mwili unahangaika kutoa mabaki yake, na kuyatoa kunahitaji maji.

Kwa hiyo wiki ya kwanza wapumzishe. Nafaka nyepesi, shayiri nyingi kidogo, maji safi, kuruka kuzunguka banda tu. Katika siku hizo hizo peleka sampuli kwa daktari mwenye hadubini: kinyesi cha asubuhi cha njiwa wote, na njiwa wenyewe wawili watatu, wakiwemo wale waliochelewa. Njiwa wapelekwe hai, kwa sababu ute wa koo unatazamwa ukiwa bado na joto, vimelea vikionekana vinaogelea. Ukipoa vinaacha kucheza na unaweza kuambiwa koo ni safi wakati si safi. Kinyesi kitaonyesha mayai ya minyoo na koksidia, vimelea vidogo vya utumbo. Kikikutwa kitu kinachostahili dawa, utapewa dawa moja ya kitu hicho, kwa siku zake zote. Zikigongana na mashindano, mashindano yataahirishwa kwa njiwa huyo. Najua inauma.

Wiki ya pili, kama wako sawa, waachie umbali wa kilomita 40 mpaka 80 mara mbili tatu, asubuhi, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Wiki ya tatu ndiyo ya kujaza. Anza na mchanganyiko wa kawaida, ongeza mahindi, na siku tatu nne za mwisho weka mbegu za alizeti zilizomenywa na karanga mbichi chache kwa kila njiwa, zisizo na chumvi wala ukungu. Karanga yenye ukungu ni sumu ya ini, itupe hata ukiwa umeinunua ghali. Shayiri ndiyo itakayokuambia wameshiba: wakianza kuiacha chini, wametosheka. Kisha washike mmoja mmoja. Njiwa aliye tayari anajaa mkononi lakini anaonekana mwepesi kuliko ulivyotarajia, nyama ya kidari ni laini yenye rangi ya waridi, nundu za juu ya mdomo ni nyeupe kavu, na asubuhi unakuta bandani manyoya madogo laini na kinyesi kilichojiviringa chenye kofia nyeupe. Ukishika nyama ya buluu na yenye magamba, mwache nyumbani.

Kuna jambo hukuuliza, nalo pengine ndilo lililochelewesha baadhi ya wale wanne. Je, njiwa wako wanajua kunywa wakiwa ndani ya tenga? Kwenye mbio ndefu kama zile za kutoka Barcelona kwenda Ubelgiji na Uholanzi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa wengi wao, njiwa hukaa kwenye matenga siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Njiwa asiyezoea kutoa kichwa nje na kutafuta bakuli anaanza safari akiwa amekauka. Wafungie kwenye tenga usiku mmoja au miwili, bakuli likiwa limening’inizwa kwa nje, na usiondoke mpaka umemwona kila mmoja akinywa. Hii haiuzwi kwenye pakiti, ndiyo maana hakuna anayekusimulia.

Nirudi kwenye pakiti zisizo na maandishi, maana wewe si wa kwanza na bandani kwako hazitaishia. Baadhi huchanganywa na kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Njiwa anachangamka na kuchelewa kubadili manyoya, mwenyewe anafurahi, huku kinga ya mwili inakatwa miguu. Ni dawa zilizopigwa marufuku mashindanoni, na vipimo vinazidi kuwa makini. Mwaka 2013 sampuli za njiwa wa Ubelgiji ambazo kwao zilionekana safi zilipimwa tena Afrika Kusini, baadhi zikakutwa na dawa za maumivu, na moja na kokeni. Njiwa hakuomba apewe kokeni. Aliyempa alikuwa na haraka, kama wewe sasa.

Tena wewe ndiye unayefagia banda na kuvuta vumbi lake. Klamidia ya njiwa huingia kwa binadamu kupitia vumbi hilo na kuleta homa na kikohozi cha mapafu. Salmonela nayo huvuka kirahisi kwa mikono isiyonawa, hasa ya watoto wanaosaidia kulisha. Usugu unaoulea kwenye bakuli la njiwa kwa siku mbili kila wiki utakuja kukutana nao mwenyewe ukiwa kitandani, na daktari wako atashangaa dawa hazishiki. Ukikohoa wiki hizi, mwambie daktari kwamba unafuga njiwa. Wengi husahau kusema.

Unga uliobaki usimpe jirani wala usiumwage shimoni. Upeleke pamoja na kile kinyesi cha asubuhi, na wale wanne waliochelewa wapimwe kabla ya wengine.