Shangazi, watoto wamenishinda na baba yao kaniingia moyoni

Binti yangu wa Muscat,

Barua yako nimeipata. Unalea na kufundisha watoto wanne wa mgane. Mmoja kakutilia chumvi kwenye chai, mwingine kaficha simu yako ndani ya pipa la mchele, na walezi watatu waliokutangulia walifunga virago. Kisha rafiki yako wa Bangladesh akakuonyesha Jay Jayanti, filamu ya Kibengali yenye mlezi, watoto watundu na nyimbo tele. Sasa unauliza: uwaimbie? Na umwambie baba yao kwamba unampenda?

Hiyo filamu ya 1971 ina waigizaji nyota Uttam Kumar na Aparna Sen. Ukishawaweka wawili hao chini ya paa moja, hata muuza karanga nje ya sinema anajua mambo yanaelekea wapi. Usiifanye mwongozo wa maisha. Imetokana na The Sound of Music ya Marekani, ya 1965, nayo ilichota kwa mwanamke wa kweli, Maria wa Austria. Mwaka 1926 alitumwa kutoka nyumba ya watawa kwenda kwa mgane Georg von Trapp, kumfundisha mtoto mmoja aliyedhoofishwa na maradhi. Watoto walikuwa saba, na muziki ulikuwamo nyumbani kabla hajafika. Wala baba hakuwa mkali kama walivyomchora. Wanawe wenyewe walilalamikia hilo.

Kwa hiyo imba kama una sauti, lakini usitegemee wimbo. Watoto waliofiwa na mama kisha wakakimbiwa na walezi watatu wanataka kujua wewe utaondoka lini. Chumvi ile ni swali hilo. Aliyeitia mwambie akuandalie chai nyingine, akae nawe mkiinywa, na kesho yake usiikumbushie.

Kilichonigusa zaidi umekitaja kwa mstari mmoja tu: picha za mama yao zimeondolewa ukutani, na yule binti mkubwa hasemi na mtu. Anza naye. Muulize mama alikuwa akipika nini Ijumaa, umwombe akuelekeze. Na baba yao umwombe arudishe picha hata moja. Ukiwa na la kumwambia, ni hilo.

Mapenzi, hapana, si sasa. Maria aliolewa na Georg 1927, na aliandika mwenyewe kwamba wakati ule aliowapenda hasa ni watoto. Mume alikuja kumpenda baadaye. Yeye alibahatika. Wewe unalala nyumbani kwa huyo bwana, mshahara unaupokea kutoka mkononi mwake, na kibali chako cha kuishi kiko kwa jina lake. Akikukataa, utalala wapi usiku huo? Akikubali, siku ukitaka kusema hapana utaisemea wapi?

Kama naye ana nia, watu wa asili ya Unguja kama yeye hawahitaji kufundishwa posa. Atume mshenga Tanga kwa wazee wako, nawe uwe umeshatoka kwenye ajira yake, una tiketi yako na akiba yako. Hadi hapo, akikuita sebuleni usiku kuzungumzia masomo ya watoto, mjibu kwamba mtazungumza asubuhi, watoto wakiwepo.

Shangazi yako