Kuwamba, kubandika au kutia fremu?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mamangu ametarizi kitambaa cha mawaridi nami nataka kukitundika ukumbini. Niliuliza kwenye kundi la simu, "Wapi napata fremu hapa Wete?" nikajibiwa bei ya kodi kwa mwezi! Tuseme nini? Na ile kazi ya kukivuta kitambaa juu ya kadibodi kabla ya kutia kioo, ina jina lake, au tuseme "kumaunti" kama asemavyo binti yangu?

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Aliyekujibu hakukosea. Siku hizi ukitamka "fremu" peke yake, mtu wa mwanzo kukusikia atadhani unatafuta chumba cha duka. Sema "fremu ya picha", yatosha. Neno lenyewe limeshakuwa letu, fremu hii, fremu hizi, na kitenzi chake ni kutia fremu. "Kufremu" nimekisikia, sikipendi, na sina hoja zaidi ya sikio langu. Wapo wanaotaka tuseme kiunzi. Ni neno zuri, jamaa ya kuunda, lakini mwagize seremala kiunzi uone atakuletea nini. Watoto wa skuli wanalijua kwa mbio za kuruka viunzi.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha. Kazi hiyo ni kuwamba. Tunawamba ngoma kwa ngozi, tunawamba kitanda kwa kamba za usumba, na ngozi ile nyembamba ndani ya sikio tunaiita kiwambo. Kote humo kipo kitu laini kilichovutwa juu ya kigumu mpaka kisibaki na ulegevu. Basi kitambaa cha mama nacho kinawambwa juu ya kadibodi, na "kumaunti" binti yako hana haja nayo.

Wahenga wamesema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. (Mwamba hapa si jiwe. Ni mtu anayewamba, kama mla ni anayekula.) Methali inamsema mpenda nafsi, ila wewe ichukue kwa maana yake ya juu juu, kwani ukianza upande mmoja ukavutia kwako tu, mawaridi yatalala mshazari. Acha kitambaa kama sentimita 5 za kukunjia kila upande. Choma pini katikati ya ukingo mmoja, kisha katikati ya ukingo unaoukabili, halafu ndio uende pembeni kidogo kidogo huku ukitazama nyuzi za kitambaa zisiende kombo. Ukiridhika kigeuze, upitishe uzi imara mgongoni, kwenda na kurudi, ukingo kwa ukingo. Aliyewahi kumwona mzee akiwamba kitanda hahitaji kuelezwa mkono unaotakiwa.

Usichanganye kuwamba na kubandika. Kubandika ni kwa gundi, na kinyume chake ni kubandua. Kwa kazi ya sindano, utabandua na nyuzi za mama. Gundi nayo baada ya miaka huacha madoa ya manjano. Kilichowambwa unakata uzi wa nyuma tu, kitambaa kinatoka kizima, unakifua, unakiwamba tena.

Dukani usiseme "kioo" ukanyamaza, maana kwetu kioo ni cha kujitazamia pia. Sema "kioo cha fremu". Ile karatasi ngumu iliyokatwa dirisha katikati, inayozunguka kazi ndani ya fremu, mimi naiita pindo. Nimeliazima kwenye kanga: pindo huzunguka, katikati ndio mji. Watu wengi huiona pambo tu wakaiacha kupunguza gharama. Lakini ndiyo inayokiinua kioo kisiguse uzi, na masika ya huku tunayajua: kioo kinatoka jasho kwa ndani, kitambaa kilichogandana nacho kinafanya koga.

Ukutani, kutundika na kuangika vyote sawa. Kuning'iniza hapana, hicho ni kitu kinachobembea. Na usikiweke mkabala na dirisha linaloingia jua la asubuhi, mawaridi yatapauka kabla hujamaliza kuwaonyesha wageni.