Mwanangu, kuhusu lile swali lako la mji uliobomolewa na vita

Mwanangu, hujambo? Huku Moshi wote wazima, ni hii baridi ya Julai tu. Juzi kwenye simu uliniuliza, hivi mama, mji ukishabomolewa na vita msanifu majengo ana kazi gani, si ni mambo ya mainjinia na magreda ya kuzoa kifusi? Nikakwambia nitakuandikia maana mi kuchora ramani nimefanya mpaka nimestaafu na hili jambo nalipenda sana.

Chukua Warsaw, Poland. Mwaka 1944 watu wa pale waliinuka kupigana na Wajerumani wakazidiwa, Hitler akaamuru mji ufutwe, basi wanajeshi wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wanachoma na kulipua, mpaka vita inaisha karibu asilimia 85 ya mji ni kifusi. Sasa hapo unajengaje upya mtaa ambao hata ukuta haujabaki?

Kilichowasaidia ni makaratasi. Kabla ya vita wanafunzi wa usanifu wa Politekniki ya Warsaw, watoto wa umri wako kabisa, walikuwa wanatumwa na tepu kupima nyumba za zamani, upana wa dirisha, ngazi, nakshi za mlangoni, kila kitu wanachora kwa skeli. Profesa Jan Zachwatowicz na wenzake wakaitoa ile michoro mjini wakaificha kwenye nyumba ya watawa kwenye mji wa Piotrków, ikapona. Februari 1945 ikaundwa ofisi ya kujenga upya mji mkuu na michoro ikaingia kazini, na penye pengo wakaangalia hata picha za mitaa ya Warsaw alizopaka mchoraji Bellotto karne ya 18.

Ila hawakurudisha kila kitu. Kwa mbele nyumba zilirudi na sura yake, lakini uani kulikokuwa kumebanana vijumba wakaacha wazi mwanga uingie, na ndani wakatengeneza fleti za watu kuishi. Injinia atakwambia ukuta utasimama au utaanguka, ila kipi kirudi na kipi kisirudi hayo ni maamuzi ya msanifu, na ni mazito. Wapo wanaosema ule ni mji feki, mi siwaungi mkono hata kidogo, mtu aliyefiwa na nusu ya ukoo ana haki ya kuutambua mtaa wao akirudi.

Kinachoniuma ni viwanja. Amri ya Oktoba 1945 iliifanya ardhi yote ya mji kuwa mali ya manispaa, kesi za wenye nyumba na warithi wao zikaburuzwa miaka na miaka. Kwa hiyo ukipewa kazi popote, uliza kwanza kiwanja ni cha nani.

Disemba ukija nyumbani kuhesabiwa na ukoo njoo na mwenzako wa kushika upande wa pili wa tepu, nataka tupime yale maduka ya zamani ya karibu na soko kabla hawajayabomoa wapandishe ghorofa. Karatasi ninazo.

Mama