Kwa anayeingia kwenye kamati ya kongamano: majina ya wazungumzaji hutoka wapi

Ukiteuliwa kwa mara ya kwanza kuingia katika kamati ya sayansi ya kongamano, utakabidhiwa bajeti, orodha ya wafadhili na ratiba ya mwaka uliopita, lakini pengine hakuna atakayekuambia kwamba jambo zito kuliko yote, yaani nani atazungumza na kama wanawake watakuwamo, huamuliwa katika nusu saa ya kwanza ya kikao cha kwanza, pale mwenyekiti anaposema, "Haya, tutaje majina." Nimekuwa katibu wa kamati za namna hiyo kwa miaka mingi, nyingi zikihusu magonjwa ya kuambukiza hapa Tanzania, na jambo hilo nililifahamu baada ya kuchangia mwenyewe kuliharibu.

Katika kikao changu cha kwanza nilikabidhiwa kalamu ya ubao. Tulikuwa wajumbe saba, wanaume sita na mimi. Kila aliyetaja jina alimtaja mtu aliyesoma naye, aliyemsimamia katika shahada ya uzamivu, au aliyeketi naye meza moja kwenye kongamano lililotangulia. Baada ya dakika ishirini ubao ulikuwa na majina kumi na mawili, yote ya wanaume, na yote yakiwa kwa mwandiko wangu. Hakuna aliyesema neno baya juu ya wanawake, wala hakuna aliyekusudia kumwacha mtu nje. Kila mmoja alichota katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu zetu zilifanana. Tuligutuka baada ya barua kutumwa, pale mtafiti kijana wa maabara alipoitazama rasimu ya tangazo na kuuliza kwa adabu kama picha za akina mama zingeongezwa baadaye. Ndipo tukamwandikia profesa mmoja mwanamke, zikiwa zimebaki wiki tatu, naye akajibu kwa mistari miwili kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Katika taarifa ya mwisho kamati iliandika kwamba wanawake walialikwa wakakataa.

Sentensi hiyo utaisikia mara nyingi, nami nakuomba usiipokee bila kuichunguza. Ni kweli kwamba wanawake wanaweza kukataa zaidi: katika kongamano la mwaka 2011 la jumuiya ya Ulaya ya wanabiolojia wa mageuzi, walioalikwa wakakataa walikuwa nusu ya wanawake, ilhali kwa wanaume walikuwa kama robo. Lakini kukataa kuna sababu zake, na nyingi kati ya hizo zimo mikononi mwa mwandaaji. Mwaka uliofuata tulimwandikia profesa yule yule miezi minane kabla, tukamweleza mada tuliyotaka, siku na saa, na nani angelipa nauli. Alikubali siku ile ile.

Ukiulizwa ushahidi kwamba tatizo liko kwenye meza ya waandaaji, taja kazi ya Arturo Casadevall na Jo Handelsman iliyochapishwa mwaka 2014. Walichunguza vikao 460 vyenye wazungumzaji 1,845 katika mikutano mikubwa miwili ya jumuiya ya wanamikrobiolojia ya Marekani, kati ya mwaka 2011 na 2013. Katika mkutano mkuu wa jumuiya hiyo, vikao vilivyoandaliwa na wanaume peke yao vilikuwa na wanawake asilimia 25 kati ya wazungumzaji. Palipokuwa na mwanamke hata mmoja miongoni mwa waandaaji, asilimia ilipanda hadi 43. Fani ilikuwa ile ile, mkutano ule ule na hadhira ile ile. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti mwingine juu ya mikutano ya wanaanthropolojia wanaochunguza nyani na jamii zake, fani ambayo wanawake ni wengi, ulionyesha mwelekeo huo huo: vikao vya waandaaji wanaume vilikuwa na karibu nusu tu ya idadi ya wanawake waliokuwamo katika vile vilivyoandaliwa na wanawake. Kwa hiyo wingi wa wanawake katika fani pekee hautoshi. Hata hivyo, kama kisa changu kinavyoonyesha, usidhani kwamba kuwapo kwako mezani kunamaliza kazi. Mimi nilikuwapo, na kalamu nilikuwa nayo.

Utakutana pia na hoja ya ubora, kwamba wazungumzaji wateuliwe kwa ubora wala si kwa jinsia, nayo husemwa na watu waaminifu wanaojali sayansi, hivyo ijibu kwa heshima na kwa hesabu. Kwa takwimu za UNESCO, wanawake ni takribani theluthi moja ya watafiti duniani. Tukichukua fani yenye uwiano huo na kuteua wazungumzaji kumi na wawili bila upendeleo wowote, uwezekano wa kutompata mwanamke hata mmoja ni theluthi mbili zilizozidishwa kwa zenyewe mara kumi na mbili, yaani chini ya mara moja katika kila mara mia. Orodha kama ile ya ubao wangu haitokei kwa bahati. Kuna kitu kinachoipindisha, na kitu hicho ndicho kinachodhulumu ubora, kwa kuwa kinawaacha nje watu ambao hakuna aliyewapima. Nimeona wajumbe waliokuwa wakipinga kwa nguvu wakinyamaza na kuchukua kikokotoo chao wenyewe.

Sasa, majina utayatoa wapi? Usianze na kumbukumbu za wajumbe. Kabla ya kikao cha kwanza, chukua vitabu vya ikisiri vya makongamano matatu yaliyopita na uandike majina ya waandishi wa kwanza, hasa wale waliowasilisha kwa mabango, kwa sababu aliyesimama pembeni ya bango lake miaka mitano iliyopita huenda leo anaongoza maabara. Waandikie matawi ya kitaifa ya OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea iliyoanzishwa mwaka 1987. Kwa masuala ya kilimo, AWARD, mpango wa wanawake watafiti wa kilimo Afrika wenye makao Nairobi, unawafahamu watafiti wengi wa bara hili. Kisha nenda mezani na orodha iliyochapwa, ili mwenyekiti anaposema tutaje majina, mazungumzo yaanzie kwenye karatasi. Kila anayekataa mwaliko, awe mwanamume au mwanamke, muombe akutajie wanawake wawili wanaoifahamu mada hiyo. Swali hilo moja limenipa majina mengi kuliko njia nyingine yoyote. Wapo pia wanaume watakaokuuliza wenyewe, kabla ya kukubali, kama wanawake wamealikwa. Francis Collins, alipokuwa mkurugenzi wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alitangaza mwaka 2019 kwamba hatazungumza tena katika mikutano isiyowapa wanawake nafasi ya haki, nami sasa huiweka orodha ya waliokwisha kukubali ndani ya barua ya mwaliko ili kila anayealikwa aione.

Katika kuhesabu, kuwa mkali. Mwanamke anayeongoza kikao, anayesherehesha ufunguzi au anayetoa neno la shukrani amefanya kazi ya maana, lakini hajazungumza juu ya utafiti wake. Kadhalika, jopo la wanawake linalojadili changamoto za wanawake katika sayansi lisihesabiwe badala ya nafasi za mada kuu. Mtaalamu wa vimelea vya malaria mwite azungumze juu ya vimelea vya malaria. Wala usimchoshe mtu mmoja kwa kumwalika kila mwaka kwa kuwa jina lake ndilo linalojulikana.

Jambo la posho na watoto nitalisema kwa ufupi. Weka katika bajeti, tangu mwanzo, nauli na chumba cha msindikizaji wa mama anayenyonyesha, na uandike katika barua ya mwaliko kwamba fedha hizo zipo, maana wengi hawataomba. Tafuta chumba chenye kufuli, kiti na soketi ya umeme karibu na ukumbi. Mzungumzaji wetu mmoja alikuja na mama yake mzazi na mtoto wa miezi minne. Tulihamisha mada yake kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa tatu asubuhi, na gharama ya badiliko hilo ilikuwa kuchapa upya ukurasa mmoja wa ratiba.

Lililoniuma zaidi kwa miaka yote ni namna ya kutambulisha. Nilikuwa nyuma ya ukumbi mwenyekiti wa kikao aliposema, "Sasa namkaribisha Profesa," akataja jina kamili la mwanamume, chuo chake na kazi zake, na robo saa baadaye akasema kwa tabasamu la kweli, "Na sasa dada yetu, karibu mama." Aliyekuwa akiitwa alikuwa profesa pia, mwenye machapisho mengi zaidi ya mwenzake. Mwenyekiti alidhani anaonyesha upendo, na katika lugha yetu "dada" na "mama" ni maneno ya heshima. Lakini vijana waliokuwa ukumbini walimsikia mtaalamu mmoja na ndugu mmoja. Jambo hili limepimwa kwingine: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mihadhara ya madaktari katika hospitali za Marekani ulionyesha kwamba wanaume wakiwatambulisha wanaume wenzao walitaja cheo kwa asilimia 72, na wakiwatambulisha wanawake kwa asilimia 49. Tangu siku ile huwaandikia wenyeviti wote maneno ya utambulisho kwenye kadi, kila mzungumzaji mistari minne, cheo kikiwa neno la kwanza, nami huwaomba wayasome kama yalivyo.

Kadi hiyo hiyo ina mstari mmoja chini kuhusu maswali. Utafiti uliofanywa kwenye mihadhara karibu 250 ya vyuo katika nchi kumi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, wanawake huuliza kidogo zaidi baada yake. Kwa hiyo mwenyekiti huombwa atazame ukumbi mzima kabla ya kuchagua mkono wa kwanza, na kipaza sauti kianzie nyuma, ambako wanafunzi hukaa.

Mwisho, weka karatasi ya hesabu. Mimi huweka safu nne: walioalikwa, waliokubali, waliokataa pamoja na sababu yao, na waliozungumza, kila safu ikitenganisha wanawake na wanaume. Huijaza kila wiki tangu barua ya kwanza, si baada ya kongamano, kwa sababu namba inayoonekana mwezi wa pili bado inaweza kurekebishwa. Ukimaliza zamu yako, iweke juu ya faili la bajeti unapomkabidhi katibu anayekufuata, na umwonyeshe mahali ulipoandika sababu za waliokataa. Aanze kwa kuwaandikia hao.