Unaenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni? Usiibebe yote kwa siku moja

Naanza na muda maana ndio unaoharibu safari za watu wengi. Mtu anasikia Kondoa kuna miamba yenye michoro inayokadiriwa kati ya 150 na 450, basi anapanga kwa siku moja aone Kolo, Pahi, Fenga, Thawi, na jioni alale Arusha. Hapo utaishia kuona vumbi. Eneo lililoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni barabara ya udongo yenye makorongo, alafu ukifika bado kuna kilima cha kupanda kwa miguu. Siku moja ni ya Mongomi wa Kolo, ambako kuna mapango matatu kwenye kilima kimoja (wenyewe wanayaita B1, B2 na B3), na muda ukibaki muulize mwongozaji kama kuna sehemu nyingine moja ambayo barabara yake inapitika. Basi, inatosha.

Kolo yenyewe haina shida kuifikia, iko kwenye lami ya Dodoma kwenda Babati, kilomita kama 25 ukishatoka Kondoa mjini. Pale kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale, ndipo unapolipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Wapo wanaopita moja kwa moja kwenda kilimani eti wataelekezwa na watoto wa njiani, mimi sishauri, kwanza sio utaratibu, pili bila mtu wa kukuonyesha utasimama mbele ya mwamba uone madoa mekundu tu na urudi ukilalamika hamna kitu.

Kweli kabisa, dakika za mwanzo huoni kitu. Usitegemee pango refu la giza la kuingia na tochi, ni majabali makubwa yaliyoinama yakafanya kivuli, na michoro iko ukutani mwanga wa mchana unaifikia. Mwongozaji wetu alichuma kijiti, akawa anaonyesha kwa mbali bila kugusa jiwe, hapa mguu, hapa kiuno, hapa kichwa, na ghafla yale madoa yakawa mtu mwembamba mrefu, kichwa kikubwa cha duara kimechorwa kwa mistari mingi mingi, sijui ni nywele au ni kofia ya ngoma. Mistari yenyewe ni myembamba kama uzi wa cherehani. Ukishaona mmoja jicho linazoea, unaanza kuokota wengine mwenyewe, mara twiga, mara tembo, mara mtu amepita juu ya mnyama. Ndio maana nasema kaa. Pango moja lipe hata nusu saa, kaa chini kabisa kwenye jiwe, kunywa maji, angalia tena.

Cha kumuuliza mwongozaji ni hiki: ipi imechorwa juu ya ipi? Ile myekundu ndiyo ya zamani zaidi, inahusishwa na wawindaji na waokota matunda ambao Wasandawe na Wahadzabe wanatajwa kuwa karibu nao, na ile myeupe iliyonenepa, kama imepakwa kwa kidole, ilikuja baadaye na wakulima na wafugaji. Kuhusu umri utasikia namba nyingi, usimbane sana mtu wa watu, rangi nyekundu ni udongo wenye chuma na haina kaboni ya kupimia kwa urahisi, so hata wataalamu wanabishana. UNESCO wenyewe wanazungumzia angalau miaka elfu mbili. Muulize pia habari za Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale aliyepiga kambi huko mwaka 1951 kunakili michoro, na habari za mashimo utakayoyaona yamechimbwa, maana kuna watu wanaamini Wajerumani walificha dhahabu chini ya hayo majabali. Inauma kuona, yaani mtu anabomoa historia akitafuta hela ambayo haipo.

Jambo lingine, Mongomi sio makumbusho tu. Wenyeji bado wanakwenda pale kwenye matambiko ya mvua na ya uponyaji. Ukikuta mabaki ya tambiko usiyaguse wala usiyapige picha kabla hujauliza. Na michoro usiguse hata kama mwenzako kagusa, jasho la mikono linaila rangi. Kuna wale wanaomwagia maji ukuta ili picha itoke kali, tafadhali sana usiwe wewe. Zima flashi, piga picha ya kawaida, ukirudi nyumbani ipitishe kwenye DStretch, ni programu iliyotengenezwa kwa ajili ya michoro ya miamba, inavuta rangi iliyofifia hadi unaona miguu ambayo kule juu hukuiona kabisa.

Vaa raba zenye meno, sio kandambili, mpando wa mwisho ni mkali na mawe yanateleza. Beba maji na chakula chako, kule juu hamna duka. Nenda kiangazi, kama Juni hadi Oktoba, maana masika ile njia inageuka tope, na uanze asubuhi kabla jua halijachachamaa.

Gari liwe la juu. Kama huna, pale Kolo unapata bodaboda, ila mkubaliane bei ya kwenda, kukusubiri na kurudi kabla hujapanda, na umwambie mapema kabisa kwamba utakaa kule muda mrefu, sio mnafika tu anaanza kukupigia honi.